Lakabu za Mwalimu

Apitaye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma huikuta Nanyala kabla hajafika Vwawa, na hapo, kama ilivyo aghalabu katika kata za Mbozi, mwalimu wa serikali hajulikani kwa cheo bali kwa matumizi yake: ndiye aitwaye kusoma barua ngumu, kusimamia kituo cha kura, na kuandika mihtasari ya vikao. Mtu huyu, mwenye taadhima yake kijijini, katika vinywa vya wakubwa na kurasa za magazeti amepewa lakabu ambazo hakuziomba.

Ya kwanza ilizaliwa na jambo jema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru kila mtoto apate elimu ya msingi kufikia 1977, na maadamu walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kazi hukohuko vijijini huku wakifundisha; “wa UPE”, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, likaja kuwa neno la kitu hafifu. Shule za sekondari za kata zilipoenea, waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya haraka, wakaitwa “vodafasta”, kwa jina la muda wa simu uingiao papo hapo, au “yeboyebo”, kwa jina la kandambili za plastiki. Aliyeyafupisha mafunzo hayo hakutaniwa na mtu.

Dhihaka ikishazoeleka, mkono hufuata. Februari 2009, huko Bukoba, Mkuu wa Wilaya Albert Mnali aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mtihani wa darasa la saba, na askari akawachapa walimu kumi na tisa, watu wazima wenye watoto wao, katika shule zao wenyewe. Rais Kikwete alimwachisha kazi. Hilo lasemwa kwa haki. Lakini naona kwamba hakuna afisa atakayethubutu kuagiza kiboko pasipo hewa iliyokwisha kumwambia kwamba mwalimu si mtu wa kuogopwa.

Chama cha walimu nacho kilitoka mbali. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 shirikisho huru la wafanyakazi lilivunjwa, na mahali pake pakawekwa chama cha NUTA, ambacho katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi mwenyewe. Walimu hawakupata chama chao, CWT, hadi 1993. Tarehe 30 Julai 2012, chini ya Gratian Mukoba, kiligoma kikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia mia, pamoja na posho za kufundishia na za mazingira magumu. Rais akasema serikali haina uwezo. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikauita mgomo batili siku chache baadaye. Nao wakumbushaji wa kale wakatokea na neno lao, kwamba ualimu ni wito, kana kwamba mwenye wito hanunui unga.

Walimu walirudi darasani, na ada ya chama ya asilimia mbili ikaendelea kukatwa katika mshahara uleule, jambo ambalo baadhi yao walililalamikia.