Kutoka Owen Falls hadi Buyende: Ahadi ya Umeme katika Busoga

Utangulizi

Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwetu Busoga tunamwita jaja, aliishi upande wa Iganga, si mbali na nyaya kubwa za umeme zinazotoka Jinja kwenda Tororo. Nilipokuwa shule ya msingi nilimtembelea kila likizo. Usiku nilisoma kwa tadooba, ile taa ya kopo na utambi, huku nyaya zikivuma nje, hasa baada ya mvua. Jaja aliziita "nyaya za Nairobi". Nilidhani anatania. Nilipoanza kusoma historia chuoni ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akisema kweli tupu.

Kwa upande wa baba, nyumbani ni Buyende, kaskazini mwa Busoga, karibu na Ziwa Kyoga. Huko ndiko serikali ya Uganda inakopanga kujenga kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini. Watu wengi wakisikia neno nyuklia huuliza kwanza kuhusu hatari ya mionzi. Swali hilo ni la haki, lakini silo ninalolijadili hapa. Hoja yangu ni kwamba Busoga imewahi kupewa ahadi kubwa ya umeme, na historia ya ahadi hiyo inatuonyesha maswali ambayo tunapaswa kuuliza kabla ya zege la kwanza kumwagwa Buyende.

Bwawa la Owen Falls

Winston Churchill alipita Jinja mwaka 1907, na katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1908 alieleza jinsi nguvu za maji ya Nile zilivyokuwa zikipotea bure pale. Ilipita karibu miaka 40 kabla ya wazo hilo kushughulikiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Gavana John Hall alitaka Uganda iwe na viwanda. Mhandisi Charles Westlake alitoa ripoti yake mwaka 1947. Mwaka uliofuata iliundwa Bodi ya Umeme ya Uganda, naye Westlake akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Jambo linalonigusa zaidi katika hatua hii ni orodha ya walioketi mezani. Mto ni wetu, tunauita Kiira, lakini mazungumzo makubwa yalikuwa kati ya Uingereza na Misri. Katika makubaliano ya mwaka 1949 Misri ilikubali kuchangia gharama, kwa sababu bwawa lingeligeuza Ziwa Victoria kuwa ghala la maji yake. Ilipata pia haki ya kuweka mhandisi wake Jinja ili aangalie kiasi cha maji kinachoachiliwa. Misri ilijua inachotaka, ikakidai, ikakiandikisha. Wasoga walioishi kando ya mto hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa. Maporomoko ya Ripon yalikwisha kuzama. Bwawa lilipangwa kuwa na mitambo kumi ya megawati 15 kila mmoja, yaani megawati 150 kwa jumla. Mitambo haikufungwa yote kwa mara moja. Iliongezwa kidogo kidogo, na wa kumi ulikamilika mwaka 1968. Msomaji aikumbuke hesabu hii, kwa maana nitairudia.

Umeme ulikwenda wapi?

Haingekuwa haki kusema kwamba bwawa halikufanya kitu. Kiwanda cha nguo cha Nyanza kilianza kazi Jinja, na shaba ya Kilembe ililetwa kwa reli kutoka magharibi kuja kuyeyushwa hapo hapo. Tororo kulikuwa na kiwanda cha saruji. Vijana wa Busoga, pamoja na wengine kutoka mbali, walipata kazi ya mshahara, na Jinja ikawa mji wa viwanda uliosifiwa katika Afrika Mashariki.

Lakini viwanda havikukua kwa kasi iliyotarajiwa, na umeme ulihitaji mnunuzi. Mnunuzi alipatikana Kenya. Mwaka 1954 iliundwa kampuni huko kwa ajili ya kujenga njia ya umeme kati ya Tororo na Nairobi. Mkataba wa mauzo ukafuata mwaka 1955, na kufikia mwaka 1958 umeme wa Jinja ulikuwa unafika Nairobi. Hizo ndizo nyaya za jaja. Zilipita juu ya migomba na mashamba ya pamba ya Busoga bila kushuka, kwa sababu zilibeba umeme wa nguvu kubwa mno kwa nyumba. Ili ushuke kijijini ulihitajika kituo cha kupozea, nguzo ndogo, na wateja wenye uwezo wa kulipa. Wakulima hawakuhesabiwa kuwa wateja wa aina hiyo.

Kwa hiyo sioni kwamba kosa la Owen Falls lilikuwa katika bwawa lenyewe. Mitambo ilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mpango wa pili, ule wa kuufikisha umeme kwa watu. Mpango wa kwanza ulikuwa na wahandisi, fedha na sherehe. Wa pili haukuwa na mwenyewe.

Mpango wa Buyende

Uganda ilipitisha Sheria ya Nishati ya Atomiki mwaka 2008, na chini yake likaundwa Baraza la Nishati ya Atomiki. Dira ya Uganda ya 2040, iliyozinduliwa mwaka 2013, iliweka lengo la megawati 41,738, na kati ya hizo megawati 24,000 zitoke kwenye nyuklia. Mwaka 2018 ulitiwa saini mkataba wa maelewano na shirika la CNNC la China, na mwaka 2019 makubaliano ya ushirikiano na Urusi. Mwaka 2021 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walikuja kutathmini maandalizi ya nchi. Baadaye ilitangazwa kwamba Buyende itakuwa na megawati 2,000, na 1,000 za kwanza zitapatikana mwaka 2031.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Karibu umeme wetu wote unatokana na mto mmoja. Miaka ya 2005 na 2006, kina cha Ziwa Victoria kiliposhuka, tulikatiwa umeme kwa zamu, na nchi ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli ya gharama kubwa. Kinu cha nyuklia hakitegemei mvua kwa namna ile. Mwanahistoria anayeisahau miaka hiyo atakuwa amechagua ushahidi unaompendeza.

Hata hivyo, hesabu za leo zinafanana na zile za 1954. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024, na uwezo wa nchi ukapita megawati 2,000. Mahitaji ya saa za jioni, wakati matumizi yanapokuwa makubwa zaidi, yalikuwa karibu nusu ya hapo. Nyumba nyingi vijijini bado hazijaunganishwa. Hapa ndipo ninaporudi kwenye mitambo kumi ya Owen Falls. Bwawa liliweza kukua kwa megawati 15 kila hatua. Kinu kikubwa cha nyuklia huja na megawati 1,000 kwa mkupuo. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia kumi ya gridi nzima, kwani ukizimika ghafla unaweza kuiangusha gridi yote. Basi, ama gridi yetu ikue mara nyingi kwa muda mfupi, ama iungwe kwa nguvu na za majirani, na umeme upate wanunuzi nje ya nchi. Njia hiyo ya pili tunaijua. Inaanzia Jinja na kuishia Nairobi.

Suala la ardhi

Katika jambo moja Buyende haifanani na Owen Falls. Kule ghala la maji lilikuwa ziwa lenyewe, kwa hiyo hakukuwa na ulazima wa kuhamisha vijiji vingi ili kulijenga. Kituo cha nyuklia kinahitaji eneo pana lisilo na makazi. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inasema fidia ya haki ilipwe kabla ya ardhi kuchukuliwa. Mwaka 2017 lilitolewa pendekezo la kuibadili ibara hiyo ili kazi za umma zisisubiri migogoro ya fidia, nalo likapingwa vikali na wananchi likakwama.

Baba yangu si msomi wa sheria, lakini ibara hiyo anaijua kwa namba yake. Hatujui kama shamba letu limo ndani ya mpaka. Mwaka jana alikuwa tayari kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Matofali yapo, yameanza kuota majani. Aliniuliza, "Wewe unayesoma, nijenge au nisijenge?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Hitimisho

Simalizi kwa kuukataa mpango wa Buyende. Nchi inayotaka viwanda na hospitali zisizozimika lazima itafute umeme. Ninachosema ni kwamba Misri mwaka 1949 ilituachia somo: aliyeandikisha madai yake kabla ya ujenzi ndiye aliyenufaika kwa uhakika. Busoga nayo iandikishe yake: fidia kabla ya kuhama, na vituo vya kupozea vya vijiji viwe ndani ya bajeti ile ile ya kinu, siyo ahadi ya baadaye.

Jaja alifariki kabla umeme haujaingia kijijini kwake. Nguzo ndogo zilifika miaka mitatu baada ya maziko, zaidi ya nusu karne tangu nyaya za Nairobi zipite juu yake.