Wahunzi Waliotangulia: Sanaa ya Waya Chini ya Mlima Meru

Anayetafuta asili ya sanamu dhahania za chuma katika nchi ya Mlima Meru aanze na sikio la mwanamke. Surutia, pambo la wake wa Kimaasai na Kiarusha, ni waya wa shaba ya njano uliozungushwa mpaka ukawa sahani bapa, duara ndani ya duara. Haliigi mnyama wala mtu. Umbo lenyewe ndilo kazi.

Uhunzi wa Kimaasai ulikuwa kazi ya kundi la Ilkunono. Wamaasai wenzao waliwategemea kwa mikuki, sime na njuga za ng'ombe, lakini hawakukubali kuoleana nao. Alfred Hollis, katika kitabu chake cha 1905 kuhusu Wamaasai, aliandika kwamba mtu aliyepokea mkuki au sime kutoka kwa mhunzi alijipaka kwanza mafuta mikononi, kwani kuipokea kwa mikono mikavu kulihesabiwa kuwa vibaya. Inauma kuyasoma hayo ukikumbuka uzuri wa mkuki wenyewe.

Upareni, ukoo wa Washana uliyeyusha mchanga mweusi wenye chuma, na mali yao ikafika hadi Uchagani. Kisha misafara kutoka Pangani ikaleta waya. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883 na 1884, wapagazi wake walibeba shanga, vitambaa na mizigo mizito ya waya, maana hongo, yaani ushuru wa njiani, ililipwa kwa vitu hivyo. Waya ulipokuwa mwingi, sanaa nayo ilibadilika: bangili zilirefuka zikafunika mkono na mguu mzunguko kwa mzunguko, na majani ya mikuki yakawa marefu na membamba.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega, udongo mwekundu na mapambo yao, wavae suruali na magauni. Kwa maoni yangu, kampeni ile iliitazama sanaa ikaona uchafu tu.

Na rangi? Waya mpya hung'aa. Jasho, mafuta na udongo huupa hudhurungi, na unyevunyevu ukikaa muda mrefu huzaa kutu ya kijani. Fundi wa leo hana haja ya kungoja miaka. Siki na chumvi huleta kijani juu ya shaba, mvuke wa amonia huleta buluu, na maji yaliyochemshwa magome ya mgunga hugeuza kutu ya chuma kuwa nyeusi tii. Akitaka mfano wa rangi wa kufuata, aende Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha: maziwa yale ya magadi yako jirani, lakini kila moja lina rangi yake kwa sababu ya mwani unaoota humo.

Karakana za mtaa wa Unga Limited, mjini Arusha, zina chuma chakavu tele na vijana hodari wa kuchomelea. Anayetaka kuwafundisha uchongaji wa chuma awape kwanza waya, wazungushe surutia.