Mfungwa wa Zizi la Farasi

Atomu tuliyochorewa shuleni ilikuwa rahisi: protoni na nyutroni katikati, elektroni zikizunguka nje. Protoni ina chaji chanya, elektroni chaji hasi, nyutroni haina kitu. Ukikariri hivyo, maksi unapata. Lakini hiyo isiyo na kitu ndiyo iliyowasumbua watu zaidi.

James Chadwick, Mwingereza, alienda Berlin mwaka 1913 kufanya utafiti na Hans Geiger. Mwaka uliofuata vita vikazuka, Wajerumani wakamfungia Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi. Wafungwa walilala kwenye mazizi. Alitoka 1918. Unadhani alikaa tu? Wapi! Siku hizo Ujerumani iliuza dawa ya meno yenye thoriamu, ati miali yake inang'arisha meno. Chadwick akaipata hiyo, akaifanyia majaribio mlemle kambini.

Aliporudi kwao, swali lilikuwa hili: kiini cha heliamu kina chaji ya protoni 2, mbona uzito wake ni kama wa protoni 4? Mwaka 1920 mwalimu wake, Ernest Rutherford, alikisia kuna chembe isiyo na chaji. Kuinasa sasa, si mchezo. Vyombo vyao vilitegemea chaji, na hii haina.

Miaka 12 ikapita. Mapema 1932, Irène na Frédéric Joliot-Curie wa Paris waliripoti kwamba miali kutoka beriliamu inafyatua protoni kwenye nta. Wakasema ni miali ya gama. Chadwick akakataa: gama haina uzito, itarushaje protoni kwa nguvu hivyo? Akarudia jaribio usiku na mchana, na Februari hiyohiyo akaitangaza nyutroni. Tuzo ya Nobel ikaja 1935.

Shida ni kwamba kiini, ambacho hufukuza protoni, hakiwezi kuifukuza nyutroni. Haina chaji, kwa hivyo inaingia bila hodi. Mwishoni mwa 1938, Berlin ileile, Otto Hahn na Fritz Strassmann walirushia urani nyutroni, na urani ikapasuka. Kufikia 1941 Chadwick alishaona kwamba bomu litatengenezwa tu, na akashiriki kulitengeneza. Uzeeni alisimulia kuwa hapo ndipo alipoanza kumeza dawa za usingizi. Miaka 28 baadaye alikuwa bado anazimeza.

Kwenye noti zangu za Kidato cha Kwanza, nyutroni ilipewa mstari mmoja: haina chaji.