Mtihani wa kwanza wa Kiingereza: watahiniwa watatu, wote walifeli

Wiki hizi swali kwenye kundi letu ni lile lile: "Kongo nilisoma kwa Kifaransa miaka yote, sasa hapa Uganda mtihani wote ni kwa Kiingereza, nitafanyaje?" Wengine wamerudishwa madarasa mawili au matatu chini, wanakaa na watoto wadogo, wanaona haya. Ushauri mtaupata kwa walimu. Mimi leo nawaletea historia, maana naona inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitunga mtihani wa Kiingereza kwa wageni, hasa wale waliotaka kwenda kukifundisha. Ulichukua saa 12 hivi kwa jumla. Ndani yake kulikuwa na sarufi, insha, fasihi ya Kiingereza, elimu ya sauti, imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Waliojitokeza walikuwa watatu tu. Wote wakafeli. Watatu kwa watatu!

Lakini kuna karatasi moja sijaitaja. Mtahiniwa alitakiwa kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani, halafu kutoka lugha hizo kurudi kwenye Kiingereza. Yaani ile Kifaransa yetu tunayoambiwa hapa haina kazi, wakati ule ilikuwa sehemu ya mtihani wenyewe.

Mtihani ule karibu ufe. Mwisho wa miaka ya 1920 watu walioufanya hawakufika hata 20 kwa mwaka. Karatasi ya elimu ya sauti ikaondolewa, mambo yakalegezwa kidogo, watu wakaanza kuja. Mwaka 1939 wakaongeza mtihani wa ngazi ya chini, na mwaka ule ule vita ikaanza. Hapo ndo historia inatukaribia sisi. Miongoni mwa waliofanya mitihani hiyo wakati wa vita walikuwemo wanajeshi wa Poland waliopoteza nchi yao, na mateka wa vita, Waitaliano na Wajerumani, waliofungiwa kambini. Kumbe kusomea karatasi ya Kiingereza ukiwa kambini, hujui utarudi kwenu lini, si jambo lililoanza na sisi.

Sasa mtu ninayetaka mumjue zaidi ni Michael West. Alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Bengal, India ya wakati ule, huko Dhaka ambayo leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Aliona jambo ambalo wakubwa wengi hawakutaka kuliona: watoto wengi hawamalizi shule. Masomo yalipangwa kama vile kila mtoto atafika mwisho. Aliyeacha njiani aliondoka na vipande vya sarufi visivyoweza kumsomea hata barua. West akauliza: mtoto akikatizwa leo, anabaki na nini mkononi? Somo lazima limpe faida kwa kila hatua aliyofika, hata asipomaliza.

Nani kati yetu hajakatizwa? Mimi nilikatizwa mara mbili kabla ya kumaliza sekondari, mara zote kwa risasi. Ndiyo maana swali la West nalikubali kuliko vitabu vingi vya sarufi vinavyoanza na majina ya nyakati 12 na kumwacha mtu hajui kuomba maji.

Jibu lake lilikuwa kuhesabu maneno. Yapo maneno machache yanayorudi kila ukurasa, na mengine utakutana nayo mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo anza na yale yanayorudi, na usome hadithi rahisi zilizoandikwa kwa hayo tu. Mwaka 1935 alitoa kamusi iliyoeleza maneno yote kwa kutumia maneno 1,490 peke yake. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno kama 2,000, ambayo walimu waliitumia miaka na miaka. Orodha imezeeka kidogo, haina kompyuta wala simu ya mkononi, ila wazo halijazeeka.

Mwingine ni A. S. Hornby. Alienda Japani mwaka 1924 kufundisha. Aligundua kwamba mwanafunzi anaweza kujua maana ya neno na bado akalitumia vibaya. Akatengeneza na wenzake kamusi inayoonyesha neno linakaaje kwenye sentensi. Vita ilipofika Japani alikamatwa kama raia wa adui. Kamusi ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Ile kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi mnayoiona maktaba, ndo mjukuu wake.

Hilo linatugusa sisi wa Kifaransa moja kwa moja. Tunaandika "informations" na "advices" kwa sababu Kifaransa kinaruhusu wingi, Kiingereza hakiruhusu. Tunasema "actually" tukitaka kusema sasa hivi, kumbe maana yake ni kwa kweli. "Library" ni maktaba, si duka la vitabu. Fungua kamusi uangalie mfano wa sentensi, usisome maana tu na kufunga.

Ila hasara hiyo ina faida kubwa nyuma yake. Mwaka 1066 watu wa Normandie waliiteka Uingereza, na karibu miaka 300 wakubwa wa nchi na mahakama walitumia Kifaransa. Mwaka 1362 ilitoka sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawaelewi Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe, bana, iliandikwa kwa Kifaransa! Ndiyo sababu "government", "justice", "language" na maelfu mengine unayajua tayari kwa macho. Kinachobaki ni kuyatamka. Mwenzako aliyezaliwa hapa alianza na sifuri kwenye maneno hayo, wewe hukuanza na sifuri.

Na mtihani wa S4? Zamani sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika zilifanya mtihani wa Cambridge hao hao. Likaja baraza la pamoja la Afrika Mashariki, kisha kila nchi ikajitoa: Tanzania ikaunda la kwake 1973, Kenya 1980, Uganda 1983. Kwa hiyo ufupisho, barua na maswali ya ufahamu unayokutana nayo vina ukoo wa mbali.

Jumamosi saa tisa tunaendelea pale pale. Tumefika neno la 400. Anayeingia sasa asiogope, tunarudia 50 za mwisho kabla ya kuendelea. Njoo na daftari, na ukiwa na kamusi yoyote ya Kifaransa na Kiingereza, hata iliyochanika jalada, ibebe.