Taulo la Ubatizo na Majina ya Watawa

Mwaka 758 hivi, Pippin, mfalme wa Wafaranki, alimpelekea Papa Paulo I zawadi ya ajabu kidogo: taulo. Ni kitambaa alichopokelewa nacho binti yake mchanga, Gisela, alipotolewa kwenye maji ya ubatizo. Papa alikipokea kwa shangwe, akakiweka katika kikanisa cha Mtakatifu Petronila kule Roma, na tangu hapo akawa baba wa ubatizo wa mtoto ambaye hajawahi kumtia machoni. Mtoto hata meno hajaota, tayari ameshatumika kufunga undugu kati ya kiti cha mfalme na kiti cha Petro.

Mimi Gisela nilikutana naye kwanza kwa Einhard, yule aliyeandika maisha ya Charlemagne. Nilikuwa nasoma habari za kaka mtu, vita hivi na vita vile, mara dada akapita kama kivuli. Einhard anasema Charlemagne alikuwa na dada mmoja tu, aliyewekwa wakfu tangu usichana wake, akamheshimu kama alivyomheshimu mama yao, na dada huyo akafia katika monasteri aliyoishi. Basi. Nikafunga ukurasa nikiwa na ile picha tuliyo nayo wengi: msichana kapelekwa utawani, mlango ukafungwa, kwaheri.

Lakini hayo maneno "tangu usichana" yalinikaa kooni, maana huyu Gisela aliposwa, na si mara moja. Posa ya kwanza ilitoka Konstantinopoli, kwa ajili ya mwana wa Kaizari Konstantino V. Pippin akakataa. Mwaka 770 hivi ikaja ya pili: Desiderius, mfalme wa Walombardi, alimtaka kwa ajili ya mwanawe Adelchis. Papa wa wakati huo, Stefano III, alipopata fununu aliwaandikia Charlemagne na mdogo wake Carloman barua ya hasira ambayo hata leo ukiisoma unaona aibu kwa niaba yake, jinsi anavyowaita Walombardi watu wanaonuka. Sasa jamani, nani anamposa mtawa aliyekwisha kuwekwa wakfu? Nadhani Einhard alilainisha mambo. Gisela alibaki bila mume kwanza, na wito ukasimuliwa baadaye.

Na kwa nini abaki? Jibu, kwa maoni yangu, liko kwa shangazi yake. Hiltrud, binti wa Charles Martel, alitoroka baada ya baba yake kufa mwaka 741, akaenda Bavaria kuolewa na mtawala wake, Odilo, bila ridhaa ya kaka zake. Akamzaa Tassilo. Huyo Tassilo akakua na damu ya Martel mwilini na Bavaria mkononi, akawa mwiba kwa Charlemagne mpaka mwaka 788 alipovuliwa madaraka na kufungiwa monasterini. Ukiwa mfalme umeona hayo, kila posa inayokuja unaitazama mara mbili. Binti akiolewa nje, mjukuu anaweza kurudi na madai. Einhard anatuambia Charlemagne hakuwaoza mabinti zake kwa sababu hakuweza kuishi bila wao. Sawa, labda aliwapenda kweli. Ila Bavaria nayo alikuwa ameiona. Mabinti wenyewe, kwa taarifa yako, hawakukaa wakihesabu nyota: Rotrude, aliyewahi kuchumbiwa na Kaizari Konstantino VI kabla uchumba haujavunjika, alimzalia mtoto mkuu mmoja aitwaye Rorico, na baba akajifanya haoni.

Sasa turudi kwenye ule mlango uliofungwa. Gisela akawa abesi wa Chelles, karibu na Paris. Neno abasia kwetu Watanzania wengi linaleta Peramiho au Ndanda: mashamba, karakana, hospitali, mitambo ya kupiga chapa. Picha hiyo inatufaa zaidi kuliko ile ya chumba chenye giza. Chelles ilianzishwa karne ya 7 na malkia Balthild, mwanamke aliyefika kwa Wafaranki akiwa mtumwa kutoka Uingereza, na ilikuwa na ardhi, masalia ya watakatifu na mahali pa kunakili vitabu. Abesi alikuwa mkuu wa yote hayo.

Vitabu ndivyo vilivyonibadilisha mawazo. Katika karne ya 20, mtaalamu Mjerumani wa maandiko ya kale, Bernhard Bischoff, alichunguza nakala za mahubiri ya Augustino juu ya Zaburi zilizotengenezwa kwa ajili ya Hildebald, askofu mkuu wa Köln. Ndani yake waandishi waliweka majina yao, na ni majina ya wanawake: Girbalda, Agleberta, Gisledrudis, Eusebia, Vera na wenzao. Bischoff akaonyesha kwamba kazi hiyo ni ya Chelles, enzi za Gisela. Hebu fikiria: askofu mkuu anahitaji kitabu kikubwa, anawaagizia masista!

Wala hawakuwa wanakili tu. Gisela na Rotrude walimwandikia Alcuin, msomi mkubwa wa enzi ile, wakimtaka awaandalie ufafanuzi wa Injili ya Yohane, kwa kuwa ule wa Augustino waliuona mgumu na mrefu mno. Wakamchokoza kidogo: Yeronimo akiwa Bethlehemu aliwatumia wanawake wa Roma maandishi yake kuvuka bahari, iweje yeye aliyeko Tours ashindwe na mwendo wa kutoka mto Loire hadi Seine? Alcuin hakuwa na pa kutokea. Aliandika, na kitabu kiko mpaka leo.

Kuna pia kumbukumbu za miaka ziitwazo za Metz, zinazosimulia jinsi ukoo wa Charlemagne ulivyopanda. Baadhi ya wanahistoria, Janet Nelson akiwa mmoja wao, wanaona ziliandikwa Chelles au chini ya macho ya Gisela. Mimi naelemea upande wao. Wanawake wa ukoo wamepewa nafasi humo kuliko kawaida, akiwemo Gertrude, abesi wa Nivelles, na safari ya Charlemagne ya mwaka 804 kwenda Chelles kuongea na dada yake haikusahauliwa.

Rotrude alifariki mwaka 810, na Gisela karibu na wakati huohuo. Charlemagne akafuata mwaka 814, na mrithi wake, Louis, hakuchelewa kuwafukuza dada zake kutoka jumba la Aachen. Theodrada alikuwa na Argenteuil yake, ni abesi huko. Vile vitabu vya Hildebald bado viko Köln, katika maktaba ya kanisa kuu, na majina ya wale watawa yakiwa humo humo walimoyaandika.