Godoro Juani

Historia hupenda kusimulia habari za magavana na za reli. Ni nadra kusimulia habari za godoro lililoanikwa juani. Walakini mtu atakaye kujua maisha ya watoto katika mitaa ya mashariki ya Nairobi yampasa alitazame godoro hilo, kwa maana lilikuwa shahidi na mshitaki wa mtoto aliyejikojolea usiku.

Tuanze na nyumba. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikafuata Shauri Moyo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa ni kibarua wa kupita, ambaye mke na watoto wake wamebaki mashambani. Kwa sababu hiyo vyumba vingi vya mitaa hii vilikadiriwa wanaume wasio na jamaa, na vyoo na mabomba ya maji yakawekwa nje, ya watu wote. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, lakini haikutosha. Katika mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri ya kuwa mishahara ya wafanyakazi wengi wa Kiafrika haikutosha kulisha mke na watoto. Hata hivyo familia zilikuwapo: wazazi walilala nyuma ya pazia, na watoto wakajipanga sakafuni chini ya blanketi moja.

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini siri ya kikojozi ilijuliwa na ua mzima mara godoro lilipotolewa nje. Watu wazima wengi walidhani ni uvivu au ukaidi, wakashika fimbo na kusema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, ila hapa haikuwa mahali pake. Tabia hukunjwa, usingizi haukunjiki. Fimbo humwadhibu mtoto aliye macho kwa jambo lililotendeka alipokuwa hana habari.

Nairobi haikuwa peke yake katika kutatizwa na jambo hili. Mafunjo ya Ebers ya Misri, yaliyoandikwa yapata mwaka wa 1550 kabla ya Kristo, yana dawa ya mtoto asiyeweza kuzuia mkojo. Katika mwaka wa 1904 tabibu Meinhard von Pfaundler alieleza kengele iliyolia kitanda kilipolowa, ili wauguzi wapate kumbadili mtoto. Ikaonekana ya kuwa baadhi ya watoto waliacha kujikojolea. Katika mwaka wa 1938, huko Marekani, Mowrer na mkewe waliitangaza kengele ya namna hiyo kuwa ni tiba. Baadaye ilijulikana ya kuwa watoto wengine hutengeneza mkojo mwingi usiku kwa upungufu wa homoni iupunguzayo, wengine vibofu vyao havihimili mkojo wa usiku kucha, na wengi hawaamshwi na kibofu kilichojaa. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Mzazi aonyaye huenda mwenyewe alikuwa kikojozi.

Kwa hiyo tabibu wa leo huanza kwa kuuliza. Mtoto ana umri gani? Kabla ya miaka 5 jambo hili halihesabiwi kuwa ni ugonjwa. Je, alikwisha kukaa miezi 6 au zaidi bila kujikojolea, kisha akaanza tena? Hapo hutafutwa hofu au msiba uliomfika, kisukari, au maradhi ya njia ya mkojo. Je, hufunga choo, ama huona kiu kupita kiasi? Tena huulizwa swali ambalo nyumba za Pumwani zatufundisha: choo kiko wapi? Mtoto aamkaye akaogopa giza la nje, na mtoto asiyeamka kabisa, hawana shida moja.

Tiba nayo ina utaratibu wake. Mtoto anywe maji ya kutosha mchana na kidogo jioni, aende haja kabla ya kulala, wala asipigwe. Isipofaa, kuna kengele, na kuna desmopresini, dawa ipunguzayo mkojo wa usiku, ambayo hutolewa kwa amri ya tabibu. Lakini kengele iliayo katika chumba kimoja huamsha watu wote. Basi hata tiba haina budi kuuliza nyumba ikoje.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, yamlinda mtoto na ukatili wa kila namna na adhabu zisizo za kiutu. Ulinzi huo na uanzie asubuhi, pale godoro linapotolewa nje. Wengi wa watoto hawa hupona kadiri wanavyokua. Godoro hukauka siku ile ile. Aibu aliyotiwa mtoto mbele ya jirani huchukua miaka.