Kipimo cha Msomaji: Kifungu cha Habari na Hadithi Fupi katika Somo la Kiingereza

Katika shule za msingi za Uingereza, kifungu cha habari kilipata uzito wake kwa sababu ya fedha. Kanuni za elimu za mwaka 1862, zilizotungwa chini ya Robert Lowe, zilianzisha malipo kwa matokeo, yaani utaratibu ambao ruzuku ya shule ilitegemea jinsi kila mtoto alivyofanya mbele ya mkaguzi, na mtoto wa zaidi ya miaka sita aliyeshindwa kusoma aliipotezea shule yake shilingi 2 na peni 8. Ngazi ya sita, ya juu kuliko zote, ilimtaka mwanafunzi asome aya fupi ya gazeti, lakini kipimo chenyewe hakikutaja maana ya aya hiyo. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule tangu 1851 hadi 1886, aliupinga utaratibu huo waziwazi, kwani aliona kwamba mtoto angeweza kukariri kitabu cha darasa na kufaulu pasipo kujua kusoma. Onyo hilo lilikuwa la haki, na inasikitisha kwamba lilichelewa kusikilizwa.

Swali la maana lilitiliwa mkazo zaidi katika vyuo vikuu. I. A. Richards wa Cambridge aliwapa wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, akakusanya maelezo yao na kuyachambua katika kitabu cha mwaka 1929, ambamo ilidhihirika kuwa hata wasomi waliofunzwa vizuri walipotoka sana katika kufasiri. Huko Marekani, Cleanth Brooks na Robert Penn Warren waliuhamishia usomaji huo wa karibu, yaani uchambuzi unaoshikamana na maneno ya matini yenyewe, kwenye hadithi fupi. Kitabu chao cha mwaka 1943 kilichapisha hadithi nzima, ikiwamo "A Rose for Emily" ya William Faulkner, pamoja na ufafanuzi na maswali.

Afrika Mashariki ilipokea mazoezi ya ufahamu na ufupisho kupitia mitihani ya Cambridge, ambayo matini zake zilitoka zaidi Uingereza. Kwa hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walipodai mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi ifutwe, waligusa jambo ambalo Richards hakulishughulikia: nani huchagua matini ya kufasiriwa, na kwa nini fasihi simulizi ya Afrika isiwe ya kwanza.